Aida: Verdi alikuwa upande wa nani?

Oktoba 1875 meli za kivita za Misri zilitia nanga Barawa na Kismayu, pwani iliyokuwa chini ya Sultani Barghash wa Zanzibar. Askari wa Sultani wakanyang'anywa silaha, bendera ya Misri ikapandishwa, na kwa muda ikaonekana kana kwamba mpaka wa Misri umeteremka mpaka kwenye bahari ya Waswahili. Aliyezituma meli hizo ni Khedivi Ismail, mtawala wa Cairo, na aliyeziongoza ni Mwingereza aliyekuwa katika utumishi wake, McKillop Pasha. Barghash alilalamika, balozi wa Uingereza Zanzibar, John Kirk, akapeleka malalamiko mbele, na London ikambana Khedivi mpaka akawarudisha watu wake. Miezi ileile, majeshi mengine ya Khedivi huyohuyo yalikuwa yanapanda milima ya Uhabeshi kutoka upande wa bandari ya Massawa. Huko hapakuhitajika London. Mfalme Yohannes wa Nne aliyavunja Gundet mwezi Novemba 1875, yaliporudi akayavunja tena Gura mwezi Machi 1876.

Naanza na vita hivi kwa sababu miaka minne kabla yake, usiku wa tarehe 24 Desemba 1871, Khedivi Ismail alionyesha katika jumba lake la opera mjini Cairo kazi aliyoigharimia faranga 150,000: kisa cha Misri ya Mafarao inayowapiga Wahabeshi na kuwapitisha mateka wao mbele ya mfalme. Kazi hiyo ni Aida. Mtunzi wake ni Giuseppe Verdi, Mwitalia ambaye wakati huo hakuwa na mpinzani katika opera za nchi yake.

Swali limewagawa wasomi kwa miongo kadhaa sasa. Je, Aida ni opera ya ubeberu, iliyotungwa kumpamba mtawala mwenye tamaa ya ardhi ya majirani zake? Au ni wimbo wa walioshindwa, uliopenyezwa ndani ya sherehe ya washindi? Mabishano hayo yamefanyika zaidi New York, London na Milan. Sisi ambao pwani yetu iliguswa na meli za mteja wa Verdi tuna haki ya kuyaingilia. Na mimi msimamo wangu nautoa mapema: wanaomshtaki Verdi wana haki kuhusu jumba, fedha na mwaliko, lakini hawakuusikiliza muziki vya kutosha, wanaomtetea wameusikiliza muziki vizuri, lakini hawajajiuliza Wahabeshi wenyewe wako wapi ndani yake.

Kwa asiyekijua kisa: Aida ni binti wa Amonasro, mfalme wa Uhabeshi. Ametekwa na kufanywa mtumwa wa Amneris, binti Farao, na hakuna anayejua ukoo wake. Wote wawili wanampenda kamanda Radamès. Radamès anakwenda vitani, anashinda, anarudi na mateka, na miongoni mwao yumo Amonasro aliyeficha cheo chake. Usiku, kando ya Nile, baba anamlazimisha binti yake amchokonoe mpenzi wake siri ya njia ya jeshi. Radamès anaitamka, anakamatwa, makuhani wanamhukumu azikwe hai. Kaburini anamkuta Aida, ametangulia kuingia ili afe naye.

Verdi alizaliwa Oktoba 1813 katika kijiji cha Le Roncole, karibu na mji mdogo wa Busseto, kaskazini mwa Italia. Wakati huo eneo hilo lilikuwa chini ya Wafaransa wa Napoleon, hata jina lake liliandikwa kwenye daftari la vizazi kwa Kifaransa. Baba yake alikuwa na nyumba ya wageni na duka. Mfanyabiashara wa Busseto, Antonio Barezzi, ndiye aliyekiona kipaji chake na kumsomesha, na baadaye akamwoza binti yake, Margherita. Mwaka 1832 chuo cha muziki cha Milan kilimkataa. Akasoma kwa mwalimu binafsi. Kisha ukaja msiba juu ya msiba. Binti yake alifariki mwaka 1838, mwanawe wa kiume mwaka 1839, Margherita mwenyewe Juni 1840. Miezi mitatu baada ya kumzika mkewe, opera ya kuchekesha aliyolazimika kuimaliza ilizomewa Milan.

Aliyemwinua kutoka hapo ni opera yake Nabucco, Machi 1842: Waebrania waliotekwa Babeli, wanaoimba kuililia nchi yao. Milan ilikuwa chini ya Austria, na baadaye Waitalia wengi walisema wao ndio waliokuwa Waebrania wale. Kufikia mwaka 1859 watu waliandika ukutani jina la Verdi wakimaanisha Vittorio Emanuele Re d'Italia, yaani Vittorio Emanuele Mfalme wa Italia, kwa kuwa herufi za mwanzo za maneno hayo zinaunda jina Verdi. Mwaka 1861 Verdi aliingia katika bunge la kwanza la Italia iliyoungana, waziri mkuu Cavour akiwa ndiye aliyemsukuma.

Hapa lazima tuwe waangalifu, maana sifa hiyo ya uzalendo inatumiwa sana na watetezi wake linapokuja suala la Aida. Mtafiti Roger Parker alionyesha kwamba kisa maarufu cha watazamaji wa 1842 kudai kwaya ya watumwa wa Kiebrania irudiwe hakikusimama: kilichorudiwa ni wimbo mwingine wa opera ileile. Nabucco ilipochapwa iliwekwa wakfu kwa binti wa ukoo wa kifalme wa Austria, na opera iliyofuata, I Lombardi, kwa Maria Luigia wa Parma, naye pia wa ukoo huohuo. Mtu anayewasha moto wa mapinduzi hawapi watawala kitabu chake. Lakini mwaka 1848 Verdi huyohuyo aliandika wimbo wa vita kwa ombi la Mazzini, kiongozi wa wanamapinduzi wa Italia, na Januari 1849, Roma ikiwa mikononi mwa wanamapinduzi, alionyesha huko opera ya Waitalia wanaomfukuza mfalme wa Kijerumani. Uzalendo wake ulikuwa wa kweli. Ulikuwa pia uzalendo wa mtoto wa mwenye duka, anayejua saa ya kusema na saa ya kuuza.

Upande wa mashtaka una wakili mkubwa: Edward Said, msomi wa Kipalestina aliyekulia Cairo na kufundisha New York. Katika kitabu chake cha mwaka 1993 kuhusu utamaduni na ubeberu aliipa Aida kurasa nyingi, na hoja yake kwa ufupi ni kwamba opera hii haielezi ubeberu tu, yenyewe imetoka tumboni mwa ubeberu. Ushahidi wake hauwezi kufagiliwa kando.

Tazama jumba lenyewe. Lilijengwa mwaka 1869 kwa miezi michache, sehemu kubwa mbao, ili liwahi sherehe za kufunguliwa kwa Mfereji wa Suez. Lilifunguliwa tarehe 1 Novemba 1869 kwa opera nyingine ya Verdi, Rigoletto. (Wengi huandika kwamba Aida ilitungwa kwa ajili ya ufunguzi wa Mfereji. Si kweli. Verdi aliombwa wimbo wa sherehe na akakataa.) Said, aliyeijua Cairo mtaa kwa mtaa, anaeleza kwamba jumba lilisimama pale mji wa zamani unapokutana na mji mpya uliojengwa kwa mfano wa Paris, likiutazama mji mpya na kuupa mgongo ule wa zamani. Wake wa jumba la Khedivi walikaa katika vyumba vilivyozibwa kwa kitambaa chembamba. Wenyeji wa kawaida wa Cairo hawakuwa watazamaji waliokusudiwa.

Tazama na fedha. Ismail alipokea madaraka mwaka 1863 na kukopa kwa kasi ambayo nchi haikuimudu: mifereji, reli, majumba, majeshi, meli. Novemba 1875, wakati meli zake zikiwa Kismayu, aliiuzia Uingereza hisa zake za Suez kwa karibu pauni milioni 4. Mwaka 1876 Misri ilishindwa kulipa madeni, mwaka 1879 akaondolewa, mwaka 1882 Waingereza wakaingia na askari. Faranga 150,000 za Verdi ni tone katika deni hilo, na haitakuwa haki kusema opera ndiyo iliyoifilisi Misri. Ila zilitoka katika mfuko ambao mwisho wake ulijazwa na mkulima wa Nile aliyetozwa kodi mara mbili mbili, na Verdi hakuuliza. Alichokiuliza ni masharti: fedha zilipwe Paris, katika benki ya Rothschild, Khedivi awe na haki ya opera ndani ya Misri tu, kwingine kote ibaki mali ya mtunzi. Aliomba hata kiasi kile kisitangazwe, akihofu watu wangeanza kumkumbusha ufukara wa Beethoven na shida za Schubert.

Kisa chenyewe kiliandikwa na Auguste Mariette, Mfaransa aliyesimamia mambo ya kale ya Misri kwa amri ya Khedivi, mtu aliyezitoa sanamu mchangani na kutaka zisimame tena jukwaani, safari hii zikiimba. Mavazi na mandhari aliyasimamia yeye, yakitengenezwa Paris. Kwa hiyo Misri ya Aida ni Misri ya makumbusho, nzuri, kubwa, isiyo na Mmisri hata mmoja aliye hai. Na Verdi? Mwaka 1868, kabla hata ya kuombwa kazi hii, alimwandikia rafiki yake wa Paris, Camille du Locle, kwamba ustaarabu wa Misri ya kale hajawahi kuweza kuupenda.

Kuna jambo moja zaidi ambalo mimi huliona zito kuliko yote, na ajabu ni kwamba halizungumzwi sana. Katika tendo la pili, Amneris anavalishwa kwa ajili ya sherehe, na kumburudisha wanaingia watoto watumwa weusi wanaocheza. Muziki ni mwepesi, wa kurukaruka, wa kuchekesha. Hakuna sababu ya kisa inayowataka. Wamewekwa kama mapambo. Mwaka 1871 biashara ya watumwa ilikuwa bado hai Zanzibar na kando ya Nile ya juu, na baadhi ya waliokaa kwenye viti vya mbele vya Cairo walikuwa na watumwa majumbani mwao. Dakika chache hizo hazina utetezi wa kimuziki wala wa kiutu.

Sasa upande wa pili, na huu unahitaji tarehe zifuatwe kwa makini. Verdi alikubali kazi Juni 1870. Julai Ufaransa na Prussia zikaingia vitani. Mwanzoni mwa Septemba jeshi la Ufaransa likasalimu amri Sedan pamoja na mfalme wake, kisha Paris ikazingirwa, na mavazi ya Aida yakafungiwa ndani ya mji pamoja na Mariette. Ndiyo maana onyesho lililopangwa Januari 1871 likasogea karibu mwaka mzima. Verdi aliumia sana. Kutoka katika malipo yake ya awali aliagiza faranga 2,000 zipewe majeruhi wa Ufaransa, na kwa rafiki yake Clara Maffei aliandika kwa uchungu kuhusu anguko la nchi hiyo na hatari inayoikabili Ulaya.

Siku hizohizo alikuwa anatunga tendo la ushindi. Ipo barua yake kwa Antonio Ghislanzoni, mwandishi wa maneno ya opera, ya Septemba 1870. Anamwomba awape makuhani wa Misri maneno yanayofanana na telegramu za Mfalme Wilhelm wa Prussia kutoka vitani: tumeshinda kwa msaada wa Mungu, adui amejisalimisha, Mungu atakuwa nasi na mbele. Yaani gwaride lile ambalo dunia nzima imelizoea, lenye tarumbeta ndefu zilizotengenezwa maalumu, lilipata maneno yake kutoka kwa mshindi ambaye Verdi alimchukia. Makuhani ndio wanaoimba kwamba mateka wauawe. Watu wa kawaida wa Misri wanaomba wasamehewe. Mtunzi amewaweka mahali ambapo masikio yetu hayawezi kuwapenda.

Mwaka uleule wa kitabu cha Said, mwanahistoria wa Marekani Paul Robinson alimjibu kwa kuufungua muziki wenyewe. Aliuliza: muziki wa kigeni, ule ambao Wazungu wa karne ya 19 waliutumia kila walipotaka kusema "huko Mashariki", uko wapi ndani ya Aida, na unaimbwa na nani? Jibu lake lina nguvu. Uko hekaluni, kwa makuhani wa kike, na katika ngoma. Nguvu ya dola la Misri inasikika kama gwaride la Ulaya, la mapigo sawasawa, la kishindo. Na Wahabeshi, ambao mtu angetarajia wapewe sauti ya ajabu zaidi, wanaimba kwa Kiitalia safi, kwa mistari mirefu ya sauti iliyo hazina ya Verdi tangu Nabucco. Kwa Robinson, Misri ni Austria, na Uhabeshi ni Italia iliyotekwa.

Msikilize Amonasro anapoletwa mbele ya mfalme akiwa na minyororo. Anasimulia kwamba mfalme wa Uhabeshi amekufa vitani, anaficha kuwa ni yeye, kisha anageuka na kuomba kwa wimbo mpana usio na hasira: leo majaaliwa yametupiga sisi, kesho yanaweza kuwapiga ninyi. Mateka wenzake wanaupokea wimbo huo, halafu watu wa Misri nao wanaingia ndani yake, makuhani wakipinga, mpaka jukwaa zima linafurika ombi la aliyeshindwa. Wimbo mzuri kuliko yote katika sherehe ya ushindi amepewa mfungwa. Na ulisikiwa na Khedivi Ismail, akiwa kitini kwake. Miaka minne baadaye askari wake walikuwa wamelala Gundet. Miaka minane baadaye yeye mwenyewe alikuwa anapanda meli kwenda uhamishoni.

Tendo la tatu linakwenda mbali zaidi. Kuchelewa kulikosababishwa na vita kulimpa Verdi nafasi ya kurudi kwenye karatasi zake, na katika kiangazi cha 1871 aliongeza wimbo wa Aida kando ya Nile: anga la buluu la nchi yake, upepo mtamu, nchi ambayo hataiona tena. Obo, ndugu wa zumari letu, inatangulia na kumzunguka. Kisha baba anatokea gizani. Kwanza anambembeleza kwa misitu yenye harufu nzuri ya kwao, halafu anamkemea, anamwambia yeye si binti yake tena, ni mtumwa wa Mafarao, na mwishoni anamweleza kwamba taifa lililoshindwa na kuraruliwa linaweza kuinuka tena kwa mkono wake yeye tu. Maneno hayo yakiimbwa Milan mwaka 1872, mbele ya watu waliozaliwa chini ya bendera ya Austria, hayakuhitaji kufafanuliwa. Verdi hakwenda Cairo kwa onyesho la kwanza. Aliudhika kuona mkosoaji wa Milan, Filippo Filippi, anasafirishwa huko kwa ajili ya kelele za magazeti. Moyo wake ulikuwa La Scala, jumba la opera la Milan, tarehe 8 Februari 1872, ambako aliwafundisha waimbaji mwenyewe, Teresa Stolz akiwa Aida.

Nikiweka pande zote mbili mezani, nashindwa kukubali kwamba opera hii inashangilia ushindi. Mtunzi anayeshangilia ushindi hamalizi jeshi na tarumbeta katikati ya kazi, halafu akatumia matendo mawili yaliyobaki katika vyumba na kingo za mto, na watu wawili watatu wanaosagwa na dola. Anayewalaani makuhani mwishoni ni Amneris, binti Farao mwenyewe, aliyekuwa na kila kitu. Maonyesho ya uwanjani, kama yale ya Verona yaliyoanza mwaka 1913, yamewazoesha watu kuidhania Aida ni farasi na gwaride. Anayeijua kwa gwaride peke yake ameijua robo.

Lakini utetezi wa Robinson una shimo, na shimo hilo linanisumbua kuliko mashtaka ya Said. Ikiwa Uhabeshi ni Italia, basi Uhabeshi haupo. Wahabeshi wamepewa huruma kwa sharti la kuwa Waitalia waliovaa mavazi mengine. Verdi aliulizia tarumbeta za Misri, aliulizia desturi za makuhani, alikwenda mpaka makumbusho ya Florence kuitazama filimbi ya kale ya Misri. Kwa Uhabeshi hakuna chochote cha aina hiyo kinachosikika katika kazi yenyewe. Na hapa kisingizio cha kwamba Ulaya haikuujua Uhabeshi hakitoshi. Aprili 1868 jeshi la Uingereza lilipanda ngome ya Maqdala huko Uhabeshi, Mfalme Tewodros akajiua, na mamia ya miswada ya Kihabeshi ikachukuliwa. Mingi iliishia London. Magazeti ya Ulaya yalijaa habari hizo miaka miwili tu kabla Verdi hajaanza kazi. Kanisa la Uhabeshi lilikuwa na alama zake za kuandika nyimbo tangu karne ya 16, na nyimbo ambazo wao wenyewe huzinasibisha na Mtakatifu Yared wa karne ya 6. Taifa lenye muziki wake ulioandikwa lilipewa jukwaani makelele ya vita, minyororo na misitu.

Najua jibu litakalokuja: usimdai mtunzi wa 1870 utafiti wa karne yetu. Hispania ya Verdi si Hispania, wala Uskoti wake si Uskoti. Ni kweli. Tofauti ni kwamba Uskoti na Hispania hazikuwa njiani kuvamiwa na aliyelipa gharama za onyesho. Uhabeshi ulikuwa njiani. Mtu aliyeketi Cairo mwaka 1871 akitazama Wahabeshi wakiletwa na minyororo alikuwa anatazama mpango, hata kama Verdi alidhani anasimulia hadithi.

Na historia haikumwacha Verdi mzee atulie na swali hilo. Februari 1885 Italia iliiteka Massawa, bandari ileile ambayo majeshi ya Ismail yalitokea. Tarehe 26 Januari 1887 Ras Alula, jemadari wa Uhabeshi, aliangamiza kikosi cha Waitalia wapatao 500 huko Dogali. Siku kumi baadaye, tarehe 5 Februari, Milan ilijaa kushangilia Otello, opera yake mpya baada ya miaka 15, inayomhusu Mwafrika anayeliongoza jeshi la Venice na kuharibiwa na wivu. Machi 1896 Mfalme Menelik aliwashinda Waitalia Adua, na Italia ikalia. Waitalia sasa walikuwa upande wa Farao.

Verdi alisema nini? Italo Pizzi, msomi aliyekuwa akimtembelea uzeeni, ameacha kumbukumbu ya mazungumzo ambamo Verdi aliwasema Waingereza kwa dhuluma yao India, kisha akageukia nchi yake: bahati mbaya sisi sasa ndio madhalimu Afrika, tumekosea, na tutalipia. Kwangu mimi kauli hiyo ina uzito mkubwa. Inaonyesha kwamba huruma iliyomo katika Aida haikuwa pambo la jukwaa. Mzee alipoona Wahabeshi wa kweli wanavamiwa na taifa aliloliimbia maisha yake yote, alijua ni nani amevaa minyororo na ni nani ameishika. Lakini aliisema chumbani. Alikuwa seneta wa ufalme tangu mwaka 1874, na jina lake likisikika kila nyumba ya Italia. Neno lake hadharani lingepasua anga, na hakulitoa. Nampenda Verdi kiasi cha kutamani angelitoa.

Alifariki Milan tarehe 27 Januari 1901, akiacha nyumba ya kuwatunza wanamuziki wazee aliyoijenga kwa fedha zake, ambayo mpaka leo inaendelea. Jumba la opera la Cairo liliungua Oktoba 1971. Jipya lilifunguliwa mwaka 1988 kwa msaada wa Japani, na Wamisri wenyewe huionyesha Aida humo na kwenye mahekalu; mwaka 1987 ilichezwa Luxor. Mapema zaidi, katika miaka ya 1870, Salim al-Naqqash wa Lebanon alikuwa ameigeuza kuwa tamthilia ya Kiarabu. Said hakulipa jambo hili nafasi ya kutosha. Kitu kilicholetwa na ubeberu hakibaki mali ya ubeberu milele, kama waliobaki nacho wanataka kukitumia.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaotaka Aida iondolewe jukwaani. Nakubaliana nao kuhusu rangi. Kwa zaidi ya karne waimbaji Wazungu wamejipaka weusi ili wawe Aida, na baadhi ya majumba bado yanaona hilo ni desturi ya heshima. Mwaka 1957 Leontyne Price, binti Mweusi kutoka Mississippi, aliimba Aida kwa mara ya kwanza San Francisco, na tangu hapo hadi kuaga kwake jukwaa la opera New York Januari 1985, kwa opera hiyohiyo, alionyesha kwamba kinachotakiwa ni sauti na ufahamu wa kilichopotea. Julai 2022 mwimbaji mwingine Mmarekani Mweusi, Angel Blue, alijitoa katika maonyesho ya Verona kwa sababu uwanja huo ulikuwa unawapaka weusi waimbaji wa Aida. Alipoteza nafasi kubwa, na alikuwa na haki. Muziki ambao Verdi aliwapa Wahabeshi hauhitaji masizi. Uliandikwa kwa binadamu aliyeporwa kwao, na yeyote mwenye koo la kuuimba auimbe na uso wake.

Ngoma ya watoto watumwa nayo inaweza kuondolewa, au kupewa sura nyingine, na tendo la pili lisipungukiwe kitu. Ambacho mwongozaji hana ruhusa ya kukifunika kwa farasi na vumbi la gwaride ni ombi la Amonasro. Hapo mwanga ushuke kwa mfalme na uje kwa mateka, na waimbaji wa kwaya wawe watu wenye majina na nyuso, kwa sababu Verdi aliwaandikia hivyo hata pale ambapo hakujua walikotoka.